Banda la mpira Chang'ombe, Dodoma: kwa wapenzi wa mechi za timu ndogo tu

Wakuu habari za saa hizi. Kuna banda la mpira huku Chang'ombe nimeona nilitolee maoni maana watu wengi wanalipita wakijua ni kibanda umiza kama vingine, mabati, shuka jeupe ukutani, mabenchi ya mbao, kiingilio jero na Simba na Yanga zikikutana inakuwa buku. Kwa mechi za ligi sina cha kulisifia, ni la kawaida tu na joto lake lile lile. Utamu wake ni ile wiki ya mechi za mataifa, ligi zikisimama mabanda mengine yanaweka muvi za kutafsiriwa au yanafunga kabisa, huyu mzee mwenye banda ndo kwanza anaweka bando, anachomeka laptop kwenye projekta na kuanza kuwinda linki za raundi za awali, zile mechi ambazo hata ukizungusha dishi usiku kucha huzipati.

Machi 2024 mfano, ile raundi ya awali ya kufuzu AFCON 2025, timu nane za mkiani, Somalia na Eswatini, Djibouti na Liberia, Chad na Mauritius, Sao Tome na Sudan Kusini. Nani mwingine hapa mjini alikuwa na habari nazo? Ilikuwa Ramadhani, mama wa chipsi pale nje anawasha jiko magharibi, watu wakishafuturu wanajaa kubishana, na wengi waliingia kucheka tu. Dogo mmoja wa chuo akauliza "mzee, hizi timu zinatambulika FIFA kweli?" akajibiwa "kaa hapo mjukuu wangu, hilo swali utaniuliza dakika ya 90". Dogo hakuondoka! Waliovuka wakawa Eswatini, Liberia, Chad na Sudan Kusini, na kesho yake bodaboda wa kijiweni walikuwa wanaijadili Sudan Kusini kama vile wanaijua toka zamani, wakati ile nchi imeingia FIFA 2012 tu.

Kitu ambacho sijakiona banda lingine ni ubao wake wa chaki. Kabla ya marudiano anaandika mechi ya kwanza iliishaje, nani anahitaji nini, goli la ugenini lipo upande gani, maana jumla ikilingana anavuka aliyefunga mengi ugenini. Unaweza ukaona ni jambo dogo ila kwa mechi za nyumbani na ugenini bila hiyo hesabu unaangalia watu wanakimbia tu, maana timu inaweza kuwa imefungwa na bado ndo inayovuka, na mashabiki wake wanaomba mpira uishe. Mfano anaopenda kuuandika ni Somalia na Zimbabwe, Septemba 2019, kufuzu Kombe la Dunia 2022. Somalia kwao walikuwa hawachezi kwa sababu ya usalama, wakaenda kuchezea Djibouti na wakashinda 1-0, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Marudiano Harare wakawa nyuma 2-1, jumla 2-2, lakini kwa lile goli la ugenini wao ndo walikuwa wanavuka, mpaka Zimbabwe wakapata la tatu dakika za nyongeza. Mzee anaisimulia hiyo huku anagonga ubao na chaki na banda zima linaguna, hata tulioisikia mara nyingi.

Na anayecheka hizi raundi ajue Taifa Stars tulikuwa humo humo. Wiki ile ile ya 2019 tulitoka 1-1 na Burundi kwao, 1-1 Dar, tukavuka kwa matuta 3-0. Na 2015 tuliitoa Malawi raundi ya kwanza ndo tukapelekwa kwa Algeria, Dar 2-2 watu tukavimba, kule kwao saba bila. Hiyo saba mzee haiandiki ubaoni hata umlipie soda.

Sasa mabaya, na yapo. Bando linakwama, na linakwama penati, sijui linachaguaje. Unaona kipa ameinama, duara linazunguka kwenye skrini, halafu kuna mtu mwenye simu anafuatilia matokeo kule nyuma anapiga kelele "imeingiaaa" sisi bado tunamuangalia kipa ameinama. Huyo mtu angekatazwa mlangoni. Umeme ukikatika jenereta ipo kweli, ila imewekwa upande wa kulia nje ya bati na moshi wote unaingia ndani, na miezi ya upepo Julai na Agosti lile shuka linapepea mpaka goli linakuwa na tumbo. Choo hamna, unaomba kwa jirani.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni kubadilisha mechi katikati. Siku moja tuko kwenye marudiano, kipindi cha pili, timu inahitaji goli moja tu, wakaingia vijana kama kumi wanataka Ureno ya Ronaldo, mzee akahesabu vichwa, akahamisha. Tuliokuwepo toka mwanzo hatukurudishiwa hata jero. Najua biashara ni biashara, ila kama umeandika mechi ubaoni na umechukua hela ya watu basi imalize, au weka tv ndogo pembeni hata ya inchi ishirini wagonjwa wa timu ndogo tukabanane huko.

Chipsi mayai za pale nje nzuri, kachumbari ya kutosha, mishikaki migumu siipendekezi.

Nampa tatu na nusu kwa tano, angekuwa habadilishi mechi angepata nne na nusu hata na moshi wake. Ukienda kaa benchi la pili kushoto, mbali na jenereta. Na upite mchana kwanza usome ubao, ukiukuta mtupu ujue linki hajapata na usiku ni muvi.