Kuuza Muziki kwenye Bandcamp Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam

Kati ya huduma za mtandaoni ambazo mwanamuziki asiye na lebo anaweza kujifungulia mwenyewe bila kupitia kwa mtu, Bandcamp ndiyo inayokaribia zaidi kuwa duka la kweli: msanii anaweka kazi yake, anapanga bei anayoitaka, mteja analipa, na fedha zinakwenda kwa muuzaji. Nimeitazama kwa jicho la msanii anayeishi na kufanya kazi Afrika Mashariki, na maoni yangu ni kwamba inamfaa sana mwenye wasikilizaji ughaibuni, ilhali yule ambaye mashabiki wake wote wako Kayole, Tandale au Likoni hataona mauzo ya kutosha kulipia hata jalada la albamu. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa muziki bali na njia za malipo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu fedha.

Huduma hii ilianzishwa mwaka 2008 nchini Marekani na Ethan Diamond pamoja na wenzake. Kufungua akaunti ya kawaida ni bure na hakuna ada ya mwaka, jambo linaloitofautisha na baadhi ya mawakala wa usambazaji ambao huondoa nyimbo zako sokoni pindi unaposhindwa kulipia mwaka unaofuata. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika kama santuri, kaseti na fulana, na ile asilimia 15 hushuka hadi 10 pale mauzo ya msanii yanapofikia dola 5,000 katika kipindi cha miezi 12. Juu ya hapo kuna makato ya anayeshughulikia malipo. Kampuni yenyewe hueleza kwamba kwa wastani asilimia 82 ya kile anacholipa shabiki humfikia msanii au lebo yake, maana yake albamu ya dola 7 humwachia mwenye kazi takriban dola 5 na senti 74. Kwa kulinganisha, tangu mwaka 2024 wimbo ulioko Spotify ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kabisa kwenye mgao wa mapato ya rekodi. Msanii mchanga mwenye mashabiki 30 waaminifu anaweza kutoka bure huko, ilhali mashabiki hao hao wakinunua albamu moja moja kwa dola 7 wanampa fedha za kuingia studio tena.

Ukurasa wenyewe una mpangilio ambao sijauona mahali pengine. Jalada la albamu linakaa pembeni, orodha ya nyimbo inafuata pamoja na kitufe cha kusikiliza, na chini yake hujipanga picha ndogo za watu walionunua kazi hiyo, baadhi yao wakiwa wameandika sentensi moja au mbili kueleza wimbo wanaoupenda zaidi na sababu yake. Kwa mnunuzi mgeni, picha hizo zina uzito kuliko tangazo lolote, kwa sababu anaweza kubonyeza mojawapo na kuona mkusanyiko mzima wa mtu huyo, kisha akaendelea kununua kwa kufuata masikio yake. Sanduku la malipo nalo limetengenezwa kwa akili: msanii huweka bei ya chini kabisa, na shabiki huruhusiwa kuandika kiasi kikubwa zaidi ya hicho. Wapo wanaofanya hivyo, hasa pale msanii anapoeleza kwenye maelezo ya albamu kwamba kazi ilirekodiwa kwa fedha zake mwenyewe, nani alipiga gitaa na nani alipiga kinanda. Ninawashauri wasanii wetu wayajaze maelezo hayo kwa uangalifu, maana wengi huacha nafasi hiyo tupu ama huandika nambari ya simu ya meneja tu.

Jambo linalowakwaza wengi mwanzoni ni aina ya faili. Bandcamp haipokei MP3. Inataka WAV, AIFF au FLAC, na mnunuzi ndiye anayechagua baadaye kama atapakua MP3 nyepesi au faili kamili. Masharti haya ni ya haki, lakini kwa mazingira ya studio zetu yana maana kubwa, kwani ni kawaida prodyuza kumtumia msanii MP3 kwa WhatsApp, akasema kazi imekwisha, na miezi sita baadaye kompyuta ya studio ikaharibika au ikauzwa. Kabla ya kumalizia malipo ya studio, dai faili la WAV la kila wimbo, na ikiwezekana sehemu zake moja moja, yaani sauti peke yake, ngoma peke yake na besi peke yake. Jalada nalo linatakiwa lisipungue pikseli 1400 kila upande, kwa hiyo picha iliyopigwa skrini haitafaa.

Sasa fedha. Mnunuzi hulipa kwa kadi ya benki au kwa PayPal, na msanii hupokea kupitia PayPal, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya mauzo. Kasi hiyo ni ya kupongezwa, ukizingatia kwamba mapato ya majukwaa ya kusikilizia huchukua miezi kabla ya kufika. Kwa msanii wa Kenya njia iko wazi, kwa sababu tangu mwaka 2018 akaunti ya PayPal inaweza kuunganishwa na M-Pesa, na salio la dola likatolewa kama shilingi kwenye simu, ingawa kiwango cha kubadilisha fedha hupangwa na huduma hiyo na si lazima kilingane na cha benki yako. Kwa msanii wa Tanzania hali ni ngumu: akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania humwezesha mtu kulipa, lakini si kupokea malipo. Hapo ndipo watu huanza kutafuta njia za panya, kama vile kufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine ambayo hawaishi, na matokeo yake yanajulikana: siku salio linapokuwa kubwa, mfumo huomba kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na fedha hubaki zimefungiwa. Njia salama zaidi ni kuwa na mtu wa kuaminika anayeishi kihalali nchi inayoruhusu kupokea, ambaye akaunti ya lebo ndogo itasajiliwa kwa jina lake, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja mgawo na tarehe za kutuma fedha. Makubaliano ya mdomo yamevunja makundi mengi ya muziki kuliko wivu wa jukwaani.

Kuna utaratibu mmoja wa makato ambao msanii anapaswa kuufahamu mapema ili asije akadhani ameibiwa. Kwa malipo yanayopitia PayPal, badala ya kukata senti chache kutoka kila mauzo, Bandcamp huweza kuandika deni lake pembeni, na deni hilo linapokua hadi kulingana na mauzo fulani, huchukua fedha zote za mauzo hayo. Msanii aliyeuza albamu kadhaa na kupokea fedha zake kila mara ataona ghafla mauzo moja ambayo hayakumletea kitu. Hesabu ziko sawa na taarifa za mauzo huonyesha kila kitu, ila anayeangalia simu tu bila kufungua taarifa hizo atashtuka. Halafu kuna makato ya PayPal yenye kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, ambayo huumiza zaidi mauzo madogo. Kwa sababu hiyo sioni busara ya kuuza wimbo mmoja mmoja kwa dola 1. Afadhali kukusanya nyimbo nne au tano na kuziuza kama albamu fupi kwa dola 4 au 5.

Upande wa mteja nao una kikwazo chake. Bandcamp haipokei M-Pesa, Airtel Money wala Mixx moja kwa moja, na msanii hawezi kuweka bei kwa shilingi. Ni kweli kwamba siku hizi mtu anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kupitia huduma za fedha za simu, lakini kumwomba shabiki afanye hatua zote hizo ili anunue wimbo ambao jirani yake amemrushia bure kwa Bluetooth ni kutarajia mengi. Suluhisho ambalo nimeona likifanya kazi ni misimbo ya kupakulia. Msanii huzalisha misimbo kwenye akaunti yake, huichapisha kwenye vikadi vidogo vyenye picha ya jalada, na kuviuza mlangoni siku ya onesho, huku mteja akilipa kwa namba ya lipa au fedha taslimu. Mteja akifika nyumbani huandika msimbo na kupakua albamu. Misimbo ina kikomo, kwani akaunti ya kawaida hupewa nafasi 200 tu za upakuaji wa bure kila mwezi, lakini kwa ukumbi wenye watu 80 hicho si kikomo cha kulalamikia. Fedha zinazopatikana kwa njia hii hazipiti PayPal na zinaingia mkononi usiku ule ule.

Mifano ya waliofaidika ipo, na inafaa itazamwe kwa makini. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam ilifika kwenye masikio ya wanunuzi wa Ulaya kwa kiasi kikubwa kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati na kuuza kwenye Bandcamp pamoja na nakala za kushikika. Upande wa Nairobi kuna KMRU, mtunzi wa muziki wa sauti za mazingira, ambaye ametumia jukwaa hilo kwa kazi zake mwenyewe na pia kuirudisha sokoni hazina ya babu yake, hayati Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Katika mifano yote miwili wanunuzi wengi ni watu wanaotafuta kitu ambacho hawakipati redioni kwao, wenye mazoea ya kulipia muziki, na wanaopenda kujua ulitoka mtaa gani. Msanii wa Bongo Fleva anayefuata mtindo unaotamba kila mahali hana faida hiyo. Taarab ya zamani iliyosafishwa vizuri, ngoma za kwao zilizopigwa na wazee wenyewe, au benga iliyorekodiwa moja kwa moja vina nafasi kubwa zaidi huko kuliko wimbo wa klabu wenye biti ya kupakua.

Kuhusu haki za kazi yako, Bandcamp haidai umiliki wala haikufungi, kwa hiyo unaweza kuuza kazi hiyo hiyo kwingine. Hata hivyo haikutafutii haki za wimbo wa mtu mwingine uliouimba upya, wala haikusanyi mirabaha ya redio na kumbi. Hayo ni ya vyombo vya hakimiliki vya nchi yako, na usajili wa kazi huko unabaki palepale.

Kuhusu kujitangaza, msanii asidanganyike. Bandcamp ina jarida lake, Bandcamp Daily, na mfumo wa maneno ya utafutaji (tags) ambapo mtu anaweza kutafuta kwa aina ya muziki au kwa jina la mji, kwa hiyo kuandika mji wako na mtindo wako kwa usahihi ni kazi ya dakika moja yenye faida ya miaka. Zaidi ya hapo, wateja utawaleta mwenyewe kutoka YouTube, TikTok, maonesho na mahojiano ya redio. Kinachoipa thamani ni kwamba aliyenunua anaweza kukubali kukupa anwani yake ya barua pepe, na anayekufuata unaweza kumwandikia siku unapotoa kazi mpya. Kwenye mitandao mingine ya kijamii unaweza kuwa na wafuasi 20,000 na chapisho lako likaonwa na wachache kwa sababu mfumo umeamua hivyo.

Akaunti ya kulipia, Bandcamp Pro, ambayo ni dola 10 kwa mwezi, sioni kama inamfaa anayeanza. Afadhali apange kutoa kazi yake siku ya Bandcamp Friday, utaratibu ulioanza Machi 2020 wakati wa janga la korona, ambapo katika Ijumaa zilizotangazwa kampuni huacha kuchukua sehemu yake na wanunuzi wengi husubiri siku hiyo ili kununua.

Tahadhari ya mwisho ni umiliki. Epic Games, kampuni ya michezo ya video, iliinunua Bandcamp mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikaiuza kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi katika mabadiliko hayo. Duka limeendelea kufanya kazi na viwango vya makato havijapanda, lakini aliyenunuliwa mara mbili ndani ya miaka miwili anaweza kuuzwa tena. Mafaili ya WAV yahifadhiwe kwenye diski mbili tofauti, na orodha ya barua pepe za wanunuzi ipakuliwe kila baada ya kutoa kazi mpya, kwani jukwaa lenyewe huruhusu kuipakua kama jedwali, nayo hufunguka vizuri hata kwenye simu.