TAHADHARI: taa za sola za "300W" zinazouzwa mitandaoni, usitume hela

Wadau, hii iwafikie hasa mliojenga Mkuranga, Chanika, Chalinze na kwingine ambako nguzo ya umeme bado haijakufikia au umeme wenyewe unakatika kila leo. Kuna jamaa wana kurasa Insta na Fesibuku wanauza taa za sola za nje, boksi limeandikwa 300W, bei 45,000, delivari bure, waranti miaka 2. Video yao ni taa moja tu inamulika uwanja mzima wa mpira. Jina la ukurasa wanabadilisha badilisha ila video ni ileile.

Mama yangu mkubwa kanunua nne azungushie nyumba na banda maana wezi wa kuku wamezidi. Saa 1 jioni zinawaka safi kabisa, saa 4 zimeshafifia, saa 6 usiku giza totoro na ndo muda wenyewe wa mwizi. Kuwapigia wakamwambia hazijashiba jua, azianike siku tatu, kupiga tena kapigwa bloku. Mtu mzima, hela ya mauzo ya kuku, inauma sana.

Mimi ni fundi umeme, nikafungua moja. Ndani kuna betri ya lithiamu ya volti 3.2, imeandikwa 10Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Zidisha volti kwa Ah unapata wati-saa 32, sasa kama taa ingekuwa inakula wati 300 kweli basi betri hiyo inakwisha kwa dakika 6 na ushee! Taa ya wati 300 ya kukesha masaa 12 inataka wati-saa 3,600, yaani betri tatu za 12V 100Ah na hapo uzikaushe mpaka mwisho, ambapo ni kuziua. Hakuna mtu anaweza kukutundikia mzigo huo ukutani kwa elfu 45.

Na paneli yake ina ukubwa wa karatasi ya A4. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 ya hizo, kwahiyo kipande cha A4 kinakupa wati 12 hivi, tena kikiwa kisafi na kimelielekea jua. Kwa siku yenye jua zuri ukivuna wati-saa 60 shukuru Mungu. Hiyo, ukiwa na betri ya kuihifadhi yote, inatosha taa ya wati 5 mpaka asubuhi, na wala si haba, LED nzuri ya wati 5 inatoa lumeni 500 hivi (lumeni ndo kipimo cha mwanga wenyewe), mwanga wa lile balbu la zamani la wati 40, mlangoni au bandani inatosha kabisa. Ndo maana nakasirika, sola inafanya kazi vizuri tu, hawa wanawafanya watu waione yote ni kanyaboya.

Kwahiyo muuzaji akikutajia wati achana nazo, muulize lumeni ngapi, betri volti ngapi na Ah ngapi, paneli wati ngapi. Akishindwa kujibu au akajibu "ni original boss", ondoka. Taa nyingine zina sensa, zinapunguza mwanga mpaka mtu apite, hiyo sio utapeli, inaokoa betri, ila akuambie mapema. Nunua duka lenye mlango unaoujua, na kwa taa ndogo na seti za sola za nyumbani tafuta jina la bidhaa kwenye orodha ya VeraSol, mpango wa kimataifa unaopima ubora wa vifaa vya sola, ipo bure mtandaoni. Boda akikuletea boksi lenye gundi akakuharakisha ulipe, usilipe kabla hujafungua.

Ambaye ameshalipa asifute meseji ya muamala, apige skrinishoti za chati na ukurasa kabla hawajambloku, atunze boksi, apeleke TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani. Ya mama mkubwa tunaipeleka wiki hii, mwenye boksi kama hilo anicheki inboksi twende pamoja.