Swagi ya turubai kwa safari ya Namib: niliyoipima kutoka Lubumbashi

Anayetoka Lubumbashi kwa gari kwenda jangwa la Namib hupita Kasumbalesa, hukatiza Zambia hadi Livingstone na Sesheke, huvuka daraja la Zambezi kuingia Katima Mulilo, kisha huteremka kuelekea Windhoek au pwani ya Swakopmund. Ni njia ya malori yanayotuletea mizigo kutoka bandari ya Walvis Bay. Ukilala nje njiani unakutana na hali tatu: joto lenye mbu kando ya mto, baridi kavu ya nyanda za juu, na ukungu wenye chumvi pwani. Kifaa kimoja kinatakiwa kizimudu zote.

Kifaa chenyewe ni kile Waaustralia wanachokiita swagi: mfuko wa turubai wenye sakafu yake, godoro ndani, chandarua juu, na fito mbili au tatu za kuinua kitambaa kisikuguse uso. Unaikunja na matandiko yakiwa ndani. Ukifika unaikunjua na kitanda kiko tayari. Yangu ni ya mtu mmoja: upana sentimita 90, urefu 215, kimo 80 upande wa kichwa, turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta la gramu 400 kwa mita mraba, zipu pande mbili, uzito kama kilo 10 bila blanketi. Kwa turubai na zipu sina neno. Godoro lililokuja nayo nimelibadilisha. Vigingi vyake vinafaa kwenye nyasi za bustani, si jangwani.

Wanunuzi wengi hapa mjini huanza kwa kuuliza uzito wa kitambaa, wakidhani kizito ndicho bora. Kwa jangwa swali hilo lije la tatu. Mvua ni chache huko, kwa hiyo turubai la gramu 500 unalibeba bure. La gramu 300 nalo hupepea sana upepo ukipanda, na huchanika mapema pale linaposuguana na ncha za fito. Gramu 400 zatosha. Muuzaji akikuambia gramu bila karatasi yoyote, omba kipande cha sentimita 20 kwa 25 na ukiweke kwenye mizani ndogo ya jikoni: kikiwa na gramu 20, ni kitambaa cha 400 kweli, kikiwa na 15, ni cha 300.

Kinachoamua kama utalala ni zipu. Mchanga wa Namib ni laini, unaingia kila mahali, na zipu ikikwama wazi umebaki na mfuko usiofungika. Zipu yenye meno makubwa ya plastiki, namba 8 au 10, huvumilia mchanga kuliko ile ya uzi uliosokotwa, ambayo punje zikiingia kati ya mizunguko hazitoki. Ya chuma naikataa kabisa kwa mtu anayefika pwani: ukungu wa chumvi huitia kutu. Angalia pia kama kichwa cha zipu kina kishikio ndani na nje, na kama kuna ulimi wa turubai wa sentimita 5 hivi unaoifunika. Kila asubuhi pitisha mswaki mkavu kwenye meno kabla ya kufunga, kisha sugua kipande cha mshumaa. Usipake mafuta ya mashine wala grisi. Mafuta yakichanganyika na mchanga yanakuwa kama msasa, na kichwa cha zipu hulika kwa ndani. Dalili yake ni zipu kuachana nyuma ya kichwa ingawa meno yote yapo. Hapo kibane kichwa kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, polepole. Ukizidisha nguvu kinavunjika. Beba vichwa viwili vya akiba vya namba ileile.

Sakafu ndiyo ya pili. Iwe PVC (kitambaa kizito cha plastiki) ya gramu 500 hadi 600, iliyopanda ukutani sentimita 10 au 15 kabla ya kukutana na turubai, ili mshono usigusane na ardhi. Lakini PVC hiyohiyo inayozuia maji ya chini yasipande inazuia na mvuke wako usitoke. Usiku wa baridi mvuke wa mwili hupenya godoro, hukutana na sakafu iliyopoa, na hugeuka maji palepale. Wengi wakiamka na kukuta upande wa chini wa godoro umelowa husema sakafu inavuja. Haivuji. Jibu langu ni mkeka wa matete kati ya godoro na sakafu, unaobaki na nafasi za kupitisha hewa, na kuacha madirisha ya chandarua wazi sentimita kumi kichwani na miguuni hata kukiwa na baridi. Asubuhi godoro lisimamishwe kwa ubavu likauke wakati chai inachemka. Karatasi ya plastiki chini ya godoro huongeza maji.

Hapo ndipo linapokuja suala la mafundi wetu. Washonaji wa bashi za malori (vifuniko vya mizigo) wa hapa Lubumbashi ni hodari, mashine zao zinatoboa chochote, na ukiwapelekea picha watakushonea swagi. Shida ni kitambaa walichonacho: bashi ya lori ni PVC tupu. Ni nzuri kwa sakafu, mbaya kwa paa, kwa sababu haipumui na alfajiri matone yatakudondokea usoni. Ukitaka ya kushonesha, tafuta kwanza turubai la pamba au la mchanganyiko, ndipo uende kwa fundi. Kwa swagi ya mtu mmoja mita 5 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 zinatosha, pamoja na kipande cha bashi cha mita 2.5 kwa 1.25 cha sakafu. Mwambie mshono uwe wa kukunja kitambaa mara mbili na kupitisha sindano mara mbili, mishono mitatu kwa sentimita moja. Mishono ya karibu zaidi ya hapo hutoboa kitambaa kama stempu, nacho huchanika kwa kufuata mstari. Uzi uwe wa poliesta uliovikwa pamba: pamba ikilowa huvimba na kuziba tundu la sindano. Ukipewa nailoni tupu, matundu hayazibi. Itabidi usugue nta ya nyuki kwenye kila mshono, na nta hiyo utaipata kwa wauza asali ya msituni.

Iwe imenunuliwa au imeshonwa, turubai jipya lisipelekwe safari kabla ya kulowanishwa. Litandaze, limwagie maji mpaka lilowe kote, hasa mishono, liache likauke kabisa juani, kisha rudia mara ya pili. Mara ya kwanza maji hupenya mishononi na watu huanza kulalamika. Nyuzi zikishavimba na kukauka, uvujaji hupungua. Sabuni isikaribie. Sabuni ya unga huondoa dawa ya kuzuia maji, na baada ya hapo turubai hunywa maji kama shuka. Uchafu utolewe kwa brashi na maji matupu.

Godoro sasa. Swagi nyingi za bei nafuu huja na sponji nene machoni, nyepesi mkononi. Usipime kwa kubonyeza kwa kidole, pima kwa kilo. Godoro la sentimita 200 kwa 80 kwa 7 lina ujazo wa mita za ujazo 0.112, likiwa la msongamano wa kilo 30 kwa mita ya ujazo litakuwa na kilo 3.4 hivi. Ukikuta lina kilo 2, ni sponji la msongamano wa 18, na nyonga itagusa ardhi kabla ya usiku wa manane. Ardhi ya jangwa hupoa haraka jua likizama, kwa hiyo sponji lililobonyea ni baridi inayopanda moja kwa moja. Kwa wauza magodoro wa mjini unaweza kukatiwa kwa kipimo chako. Unene wa sentimita 5 unavumilika kwa mtu mwepesi anayelala chali. Anayelala ubavu achukue 7. Gharama yake ni nafasi: la 5 ukilikunja bila kulibana lina kipenyo cha sentimita 36, la 7 lina 42, na ukiongeza turubai na blanketi unakaribia 50. Pima keria ya gari kabla hujalipa.

Fito za alumini zinapinda, na ukizinyoosha zinaendelea na kazi. Za nyuzi za kioo zinapasuka kwa urefu na vibanzi vyake vinaingia mkononi. Nachukua alumini, pamoja na kipande cha bomba cha sentimita 15 cha kuvika fito palipovunjika.

Vigingi ndipo watengenezaji wanapobania pesa. Jangwani kuna ardhi za aina mbili, na kigingi kimoja hakifai zote. Kwenye tambarare za changarawe kigingi chembamba kinapinda kwa nyundo ya kwanza. Katisha nondo ya milimita 10 vipande vya sentimita 30, chonga ncha, pinda kichwa, na dukani watakufanyia hapohapo. Kwenye mchanga nondo hiyo inang'oka kama sindano kwenye unga. Pale tumia mfuko: jaza mchanga kwenye kifuko cha kitambaa cha kilo mbili tatu, funga kamba katikati, kizike sentimita 40, na kamba itoke kwa mlalo, isisimame wima. Kanyaga juu. Mifuko minne inashikilia swagi hata upepo ukivuma, na asubuhi unamwaga mchanga na kukunja vifuko mfukoni.

Upepo wenyewe una ratiba. Alasiri karibu na pwani hutoka kusini-magharibi. Miezi ya baridi kuna upepo mkavu wa joto unaotoka mashariki na kubeba mchanga. Elekeza miguu kwenye upepo, zipu iwe upande uliokingwa, na usitegeshe swagi mgongoni mwa tuta pale mchanga unapomwagikia. Chandarua hakizuii vumbi laini. Usiku wa upepo ni lazima ufunge na turubai, ndiyo maana nasisitiza tabaka hizo mbili ziwe na zipu tofauti. Swagi ambayo chandarua na kifuniko vimeshonwa pamoja iache dukani. Chandarua chenyewe kina kazi kubwa kabla ya jangwa, maana Zambia na ukanda wa Katima Mulilo vina malaria.

Pwani kuna ukungu unaotokana na mkondo baridi wa Benguela, na huingia bara makumi ya kilomita. Utaamka turubai limelowa nje kana kwamba mvua ilinyesha. Pamba tupu hunywa maji hayo na kuwa nzito. Mchanganyiko hukauka upesi, na hii ni sababu moja ya kuuchagua. Ukilazimika kuondoka mapema, ikunje hivyohivyo, lakini ifungue adhuhuri mahali pakavu. Ikikaa imelowa ndani ya mfuko siku kadhaa, madoa meusi ya ukungu wa kuvu huanza na hayatoki tena.

Kuna mahali swagi si ya kulalia. Mito mikavu ya kaskazini-magharibi mwa Namibia ni njia ya tembo, na maji ya mvua iliyonyesha mbali yanaweza kushuka usiku pasipo wingu juu yako. Palipo na simba au fisi wasiozuiliwa na uzio, lala kwenye hema la juu ya gari. Ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft lala kwenye kambi zilizotengwa tu, kama ile ya Sesriem. Nge wa jangwani wenye mkia mnene wana sumu kali: zipu ifungwe kila unapotoka hata kwa dakika moja, viatu vilale ndani, na mkeka ukung'utwe kabla ya kukunja.

Bei za swagi za kuagiza kutoka Afrika Kusini au Australia zinatofautiana sana, na usafiri hadi Lubumbashi huongeza sehemu kubwa kwa sababu mzigo ni mkubwa kuliko uzito wake. Ushauri wangu ni kutafuta inayouzwa bila godoro wala vigingi, ukavitafute hapa. Kisha ilalie kwenye parseli yako (uwanja wa nyumbani) mwezi wa Juni au Julai, kiangazi chetu kikiwa na usiku ulio chini ya nyuzi 10. Sponji dhaifu na hewa isiyozunguka vitajionyesha vyenyewe. Mtu mwenye magoti mabovu, au anayehitaji kusimama avae nguo, anunue hema la kawaida na kitanda cha kukunja: kwenye kimo cha sentimita 80 hata suruali utaivaa umelala.