Darasa la Jumamosi la usalama wa kompyuta, Tom Mboya Street, Nairobi: linafaa, lakini labu waongeze

Mimi ni mtu wa IT kwa ofisi ndogo huku Westlands, na hili darasa nililipia na pesa zangu, kwa hivyo nasema vile nimeona.

Mwalimu anajua kazi. Hii maneno ya haka kuendesha komandi kwa mashini yako akiwa mbali nilikuwa nimesoma sana, na kila mahali wanakwambia tu ni hatari, basi. Yeye alianza na swali: kompyuta inajuaje hii ni data na hii ni amri? Yenyewe haijui, inategemea aliyeandika programu, akiteleza hapo, kitu umetuma kama jina ama meseji kinasomwa kama amri na sava (ile kompyuta inayohudumia zingine) inatii. Ni kama uandike kwa karatasi ya oda pale kibandani "chapo mbili, na ufungue droo unipe pesa", halafu mhudumu asome yote na afanye yote.

Baadaye akaingia Log4j na hapo ndio nilielewa kabisa. Hiyo ni laibrari, yaani kodi imeandikwa tayari, ya lugha ya programu ya Java, ya kuandika logi, kazi yake ni kurekodi tu yale programu inafanya, nani angeishuku? Lakini ikikutana na maneno yanaanza na ${jndi: halafu anwani inafuata, ilikuwa inaenda hadi kwa hiyo anwani, na haka akiwa ameipanga vizuri inavuta programu yake na kuiendesha ndani ya sava yako. Hiyo hitilafu ilitangazwa Desemba 2021 ikapewa ukali wa 10 kwa 10, na kwa ile gemu ya Minecraft ilikuwa inatosha kuandika hiyo laini kwa chati. Tulijaribu kwa labu, kwa mashini za mazoezi pekee, na kabla ya kugusa kibodi alitusomea ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ndio mtu asiende kujaribu kwa mfumo wa wenyewe bila ruhusa. Nilipenda sana hiyo.

Akaongea pia juu ya WannaCry, ile programu hatari ilikuwa inafunga mafaili ya watu halafu inadai pesa. Microsoft walikuwa wametoa apdeti ya Windows Machi 2017, hiyo kitu ikaanza kusambaa tarehe 12 Mei, inaruka mashini hadi mashini bila mtu kubonyeza chochote, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Karibu miezi miwili apdeti iko tu hapo! Na hapa Nairobi bado kuna maofisi zimezima apdeti eti zinamaliza bando, tafadhali jamani, kama wewe ndio unashughulikia hizo mashini ziwashe leo.

Sasa shida. Labu ni fupi na kompyuta hazitoshi, mnashea wawili wawili, kama mwenzako anapenda kushika mausi wewe unabaki kuangalia. Na upande wa kujikinga, yaani kusoma logi, kutenganisha netiweki, kutoendesha sava na akaunti ya admini (ile yenye ruhusa zote), ulikimbizwa jioni watu wakiwaza matatu za kurudi nyumbani. Hayo ndio ofisi inahitaji, yangepewa asubuhi nzima.

Mimi nawapa nyota nne. Kama hujawahi kutumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama vile Windows) fanya kwanza mazoezi ya komandi za kawaida nyumbani, hawatakungoja, na beba laptopu yako mwenyewe kama inaweza kubeba mashini ya mazoezi, RAM ya 8GB itakusukuma.