Uzoefu wangu na kisanduku cha joto cha panya kabla ya PET

Niko kwenye maabara ya picha za wanyama wadogo huku Ujerumani, na kwa muda mrefu kilio chetu kilikuwa kimoja: kwenye picha za PET (skana inayoonesha dawa yenye mnururisho imekusanyika wapi mwilini) tunazopiga kwa dawa ya FDG, panya anawaka katikati ya mabega, na uvimbe tuliomwotesha begani unamezwa na mwanga huo. Lawama zote zikabebeshwa skana na programu ya kuunda picha. Wenzangu wakaongeza duru za hesabu za programu hiyo. Picha ikazidi kuwa na chenga, mwanga wa mabegani palepale.

Mwanga ule ni mafuta ya kahawia. Maabara yetu ina nyuzi 22 hivi, ilhali panya hustarehe kwenye 30. Akipata baridi huchoma sukari kwenye mafuta hayo ajipashe joto, na FDG, ambayo mwili huipokea kama sukari, hukimbilia hukohuko. Programu itafuta nini hapo? Dawa imeshaingia mahali pasipotakiwa.

Basi tukanunua kisanduku hiki pamoja na kitanda chake cha skana. Panya hukaa humo nusu saa kabla ya sindano, kisha hubaki kwenye joto, amelazwa kwa gesi ya usingizi, aisoflureni, saa nzima ya kusubiri dawa isambae. Tofauti inaonekana wazi: mabega yamefifia, uvimbe una kingo zake. Tena mishipa ya mkia inatanuka, sindano inaingia vizuri, na dozi haivujii mkiani kuharibu vipimo. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kulipia bei.

Kitanda kinapashwa kwa hewa moto, na nakisifu kwa hilo, maana cha zamani kilikuwa na waya zilizochora mistari kwenye picha za CT, yaani za eksirei.

Kasoro? Kisomeo cha joto kinapima hewa ya karibu na feni, si pale panya alipolala, kwa hiyo weka kipimajoto chako. Moyo nao bado unawaka. Dawa ya hilo ni kumfungisha panya chakula kwanza, si joto. Na mkitumia dawa yenye gali-68 badala ya FDG, ukungu unaotokana na positroni (chembe zinazotolewa na dawa) kusafiri mbali zaidi kabla ya kuzimika utabaki vilevile.

Kinachoniudhi ni koni ya puani inayompa panya gesi ya usingizi. Kwa panya wa gramu 20 inapwaya, gesi inavuja, na tunaoivuta ni sisi. Tumeivalisha kipande cha glavu kilichotobolewa, kinaziba vizuri. Nyota 4. Nimewaandikia watengenezaji, wamenijibu kwamba koni ndogo ipo, inauzwa kando.