Kamera ndogo ya gari: nilichokiona nilipoicheza video yake fremu kwa fremu

Kamera niliyoipima ni ya lile kundi la vidude vidogo visivyo na skrini, vikubwa kidogo tu kuliko kiberiti, vinavyojificha nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Boksi linasema pikseli 2560 kwa 1440, fremu 30 kwa sekunde, pembe ya digrii 140, na kapasita badala ya betri. Hiyo kapasita ndiyo iliyonifanya niichague. Gari likishinda juani Kampala, kila kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele kinaokwa, na betri ndogo ya lithiamu huvimba mapema. Kapasita inavumilia joto. Haina nguvu ya kuendelea kurekodi gari likizimwa. Inaipa kamera sekunde chache za kufunga faili, basi.

Sikuipima kwa mandhari. Karibu kila kamera siku hizi inatoa anga la bluu na migomba ya kijani. Ninachotaka kujua ni kimoja: taksi (matatu kwa watu wa Nairobi, daladala kwa wa Dar) ikinichuna ubavuni ikaondoka, namba yake itasomeka?

Usijibu swali hilo kwa simu. Programu ya kamera ikiunganishwa kwa waifai hukuonyesha picha iliyopunguzwa ili isikwame, na baadhi ya programu hata unapopakua hukupa nakala ndogo kama hujachagua faili halisi. Nilipoilinganisha video ileile, kwenye simu pleti ilikuwa doa la njano. Kwenye laptopu, kutoka kwenye memori kadi moja kwa moja, herufi zilikuwepo zote. Watu wengi wanarudisha kamera dukani kwa ajili ya hili.

Jaribio la kwanza ni la gari lililosimama. Mchana, uwanja mtupu, futikamba, na gari lenye pleti ndefu ya karibu sentimita 50. Kwa mita 6 pleti inasomeka bila kukunja uso. Kwa mita 10 inasomeka kwa kubahatisha, B na 8 zinaanza kufanana. Hapo mpangilio wa pleti zetu za zamani unasaidia: herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja mwishoni, kwa hiyo nafasi yenyewe inakuambia kama ni herufi au tarakimu. Kwa mita 15 sahau. Pleti ya bodaboda, ndogo na yenye mistari miwili, inahitaji mita 4 au chini, na iwe imefutwa tope, jambo ambalo si la kutegemea.

Sababu ni hesabu tu. Pikseli 2560 zikitandazwa kwenye upana wote huo wa barabara, kila digrii moja inapata pikseli kama 18. Pleti iliyo mita 10 mbele inachukua digrii 3, yaani pikseli 54, ugawanye kwa herufi saba na nafasi zake. Ndiyo maana kamera yenye pembe pana zaidi si lazima iwe bora: inaona bodaboda mbili zaidi pembeni, na pleti ya mbele inakuwa ndogo zaidi.

Mwendoni mambo hubadilika. Gari lililo mbele yako kwenye foleni ya Northern Bypass, ile barabara ya mchepuko ya Kampala, mnakwenda mwendo mmoja, mchana, linasomeka vilevile kama lililosimama. Linalokuja ni kesi nyingine. Wewe kilomita 80 kwa saa, yeye 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na kwa fremu 30 kila fremu ni karibu mita moja na nusu. Ule umbali ambao pleti inasomeka, kuanzia mita 10 hadi gari linapotoka kwenye picha, unaambulia fremu chache sana, na katika hizo pleti iko ukingoni mwa lenzi ambako picha imevutika. Mchana nilipata namba kwa magari machache tu kati ya yaliyonipita. Usiku sikupata hata moja.

Usiku tatizo ni shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu. Kwenye giza kamera huacha shata wazi hadi sekunde 1/30. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, ndani ya muda huo gari limesogea sentimita 55. Kitu kilicho pembeni yako, bodaboda iliyosimama kwa mfano, kinavutwa kwenye picha zaidi ya urefu wa pleti nzima. Hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha.

Mbele yako usiku kuna balaa la aina yake: pleti hurudisha mwanga wa taa zako, kwa hiyo kamera inaona barabara nyeusi, inaongeza mwanga, na pleti inageuka karatasi nyeupe isiyo na herufi. Dawa iko kwenye menyu, kipimo cha mwanga wa picha kinachoandikwa EV. Kiwandani kinakuja kikiwa 0. Nilikishusha hadi -0.3, kisha -0.7. Kwenye -0.7 barabara inaonekana giza kidogo na video haipendezi kuonyesha watu, lakini pleti ya gari lililo mita 5 mbele kwenye foleni ya jioni inasomeka. Mimi nimeacha -0.7. HDR nayo niliiwasha usiku nikaizima: inachanganya picha mbili zenye mwanga tofauti, na kitu kikisogea kati yake, herufi zinatoka mbilimbili. Mchana iwashe. Msitu wa Mabira kwenye barabara ya Jinja ndio mahali pazuri pa kuijaribu, maana unatoka juani unaingia kivulini, mabaka ya mwanga yakipishana na giza kwenye lami. Bila HDR, kila ukitoka kivulini kamera inapofuka kwa karibu sekunde moja kabla ya kuzoea. Pamoja nayo, taksi iliyokuwa kivulini mbele ilibaki na ule mstari wake wa vimiraba vya bluu ukionekana kimoja kimoja.

Kuna mpangilio mmoja ambao karibu kila mtu anausahau. Kamera nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa hezi 60. Umeme wetu ni hezi 50. Usipobadilisha, taa za barabarani usiku zinapepesa na mistari inapita juu ya picha kama maji. Hata baada ya kuweka 50, cheza video ya makutano ya Wandegeya, hapa Kampala, fremu kwa fremu uone: taa ya kuongozea magari inaweza kuonekana imezimika kwenye fremu moja kisha inawaka inayofuata. Taa hizo za LED hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini shata ya mchana inaona. Kwa hiyo ukitaka kuthibitisha kwamba ulipita kwenye kijani, usitoe picha moja mnato. Toa sekunde mbili nzima.

Sasa kadi, maana hapa ndipo kamera nyingi nzuri hulaumiwa bure. Faili la dakika 3 la kamera hii lina MB 450 hivi, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Kadi ya GB 64 inabeba kama saa 7 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kampala hadi Jinja na kurudi zinatosha. Ukielekea Kisoro, kule mbali kusini-magharibi mwa Uganda, utakapofika video ya asubuhi imeshafutwa. Nunua GB 128. Tafuta yenye alama ya U3 au V30, ambazo ni alama za kasi ya kuandika, na ikiwezekana iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za kuandika mfululizo. Kadi ya kawaida ya simu inachoka kwa miezi, na haichoki kwa kelele: kamera inaendelea kuwaka taa yake ya bluu huku haiandiki kitu.

Kadi feki zipo tele. Inajitambulisha kuwa GB 128 kumbe ni 16, na kinachozidi 16 kinaandikwa hewani. Kabla ya kuiweka ndani ya gari, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Inachukua saa kadhaa. Iache usiku, asubuhi utajua. Kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, na urudie kufomati kila mwezi.

Kucheza video. Ndani ya kadi kuna folda ya video za kawaida na nyingine ya zilizofungwa zisifutike baada ya mshtuko. Kama mafaili yamebanwa kwa H.265, kichezeo cha Windows kinaweza kukupa sauti bila picha, au kukudai nyongeza. Weka programu ya VLC, inacheza bila maswali. Laptopu ya zamani itakwamakwama kwa sababu prosesa inafanya kazi yote peke yake; hapo badilisha kamera irekodi H.264, ukubali mafaili makubwa zaidi. Kwenye VLC bonyeza E kwenda mbele fremu moja moja, mabano ya mraba kupunguza au kuongeza kasi, na Shift pamoja na S kupiga picha ya fremu uliyosimama. Usipige picha skrini kwa simu. Nimeona watu wakipeleka hiyo kwa kampuni ya bima.

Angalia pia pengo kati ya faili na faili. Fungua fremu ya mwisho ya faili moja na ya kwanza ya linalofuata, tafuta kitu kisichosogea, nguzo ya umeme kwa mfano, uone umeruka kiasi gani. Yangu inapoteza kama fremu 12. Kwenye kilomita 80 hiyo ni mita 9 za barabara ambazo hazipo. Ni hasara ndogo, ila ndiyo iliyonifanya nichague vipande vya dakika 3 badala ya 1: mapengo yanapungua.

Waifai yake ni ya 2.4 GHz, kwangu inashusha MB 3 kwa sekunde ikiwa inajisikia, kwa hiyo faili moja ni dakika mbili na nusu. Zima data ya simu kwanza, la sivyo simu itaona mtandao wa kamera hauna intaneti na kuukimbia katikati ya kazi. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama hati, si kama video. Ikienda kama video inabanwa na pleti uliyohangaika nayo inarudi kuwa doa. Kwa polisi au bima mimi ningepeleka flashi yenye faili halisi, jina lake bila kubadilishwa, na kubaki na kadi. Kabla ya hapo hakikisha saa ya kamera iko sawa: UTC+3, yaani saa ya Afrika Mashariki. Ya kwangu ilitoka kiwandani na saa ya China, tofauti ya saa tano, na ushahidi wenye saa ya usiku kwa ajali ya mchana utakuletea maswali.

Likitokea la kutokea, zima gari, subiri taa ya kamera izimike, ndipo uchomoe kadi. Ukiichomoa inarekodi, faili la mwisho, lile lenye ajali, halifunguki, kwa kuwa MP4 huandika faharasa yake mwishoni.

Ufungaji ni wa nusu saa. Waya wa mita 3.5 unaingia chini ya kitambaa cha dari, unashuka kwenye nguzo ya pembeni, unafika soketi ya sigara. Kama nguzo ina mfuko wa hewa, waya upite nyuma yake, si mbele. Usibandike kamera kwenye ule ukanda wa bluu ulio juu ya kioo cha magari mengi ya Japani. Rangi zinaharibika na pleti zinafifia. Na ondoa boksi la tishu na kile kizulia chenye manyoya juu ya dashibodi: vinaakisi kwenye kioo na kuning'inia katikati ya video kama mzimu. Kichujio cha CPL, kile kinachovishwa mbele ya lenzi, kinapunguza mwakisiko huo, lakini kinakula mwanga, hivyo kivue kama unaendesha zaidi usiku.

Redio ikianza kukoroma, mkosaji ni adapta, hasa za bei ya chee. Magari mengi ya Japani yana redio ya 76 hadi 90 MHz yenye kile kifaa kilichoongezwa ili idake stesheni za juu ya hapo, na vyote viwili vinadaka kelele kirahisi. Tumia adapta iliyokuja na kamera na usifunge waya wake sambamba na waya wa antena.

Kihisi cha mshtuko, kile kinachofunga faili lisifutwe gari likigongwa, kipangwe kwenye usikivu wa chini kabisa. Kikiwa katikati, kila shimo na kila tuta linafunga faili, na kwenye barabara ya murram kadi inajaa mafaili yasiyofutika, mpaka kamera inakosa nafasi ya kurekodi. Kwa mshtuko halisi tegemea kitufe cha kufunga faili, kipo chini ya kidole gumba, kikubwa cha kutosha kukibonyeza bila kutazama. Hicho ni kitu kimoja ambacho waliobuni kamera hii walikipatia kabisa. Kitu ambacho hawakukipatia ni maikrofoni: inazimwa kwa programu ya simu tu, hakuna kitufe, na anayebeba abiria atajikuta amerekodi mazungumzo ya watu bila wao kujua.