Darasa la jioni la Kiingereza Bagamoyo: ubao safi, kopi mbovu

Kwa sisi tunaotembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, Kiingereza cha shule kinatosha mpaka mgeni akufyatulie vile vitenzi vyao vya maneno mawili mawili. Run unaijua, out unaijua, halafu anakwambia "we've run out of water" nawe unageuka kutazama nani anakimbia. Kumbe wameishiwa maji tu.

Nikalipa sh. 30,000 ya mwezi kwenye darasa moja la jioni, chumba kidogo nyuma ya soko, baada ya swala ya magharibi. (Saa moja yao ni saa moja na nusu, zoea.)

Mwalimu anajua kazi, wala simpambi. Alianza kwa kutuuliza: ukipiga pasi unampiga nani? Na ukipiga mswaki, ukipiga chenga? Tulipomaliza kucheka akasema Mwingereza naye ndivyo anavyoifanya put. Put on kuvaa, put off kuahirisha, put out kuzima moto, put up with kuvumilia. Usikitafsiri kipande kipande, kibebe chote.

Somo lililonirudishia ada yangu ni la bajaji. Alimsimamisha kijana wa bajaji amwambie mteja kwamba atamfuata hotelini. Kijana: "I will pick up you." Mwalimu akaifuta you pale mwishoni, akaichomeka katikati: pick you up. Na kumshusha je? Drop you off. Ukitaja kitu kwa jina una hiari, pick up the bag au pick the bag up, lakini you, him, it na wenzao hukaa katikati, hakuna mjadala. Halafu akatuharibia raha: look after haichomekwi kitu, ni look after him. Ubishi ukazuka, kila mtu anataka kujua atatofautisha vipi. Jibu: kila kimoja kijifunze na sentensi yake. Sikulipenda, ila ndivyo ilivyo.

Sentensi zenyewe anazitunga za hapa hapa. "Stanley set off from Bagamoyo in 1871", yaani Stanley yule mvumbuzi alifunga safari: hiyo naitumia na wageni mpaka leo, mbele ya Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara.

Balaa ni zile kopi anazogawa. Orodha ya alfabeti, haina mfano hata mmoja, wino umefifia. Break down, break in, break out, break up, zote zimerundikana ukurasa mmoja. Gari kuharibika, mwizi kuvunja, vita kuzuka na wachumba kuachana, unatoka umezichanganya zote. Na umeme ukikatika, kipindi kimekwisha na hakifidiwi. Kwa ada ile hata taa ya chaji wangenunua.

Mwezi ujao najiandikisha tena. Ila nikiona ile karatasi ya alfabeti inagawiwa, natoka nje kunywa kahawa.